Mishororo Minne ya Wimbo wa Nne

Jumatatu, 2 Juni 2003

Joto la kukausha nguo ndani ya nyumba. Maembe ya achari nimeyakata leo. Yamechelewa, na yana nyuzi. Haradali ni nzuri.

Mdogo wangu Pundari amekula vijiko sita vya wali wa mtindi kisha akafumba mdomo. Tangu kiharusi kimpige mwezi wa Februari, hivyo ndivyo anavyonijulisha kwamba ameshiba, au amenichoka. Hasemi mengi. "Dada." "Basi." Na tusi moja la kijijini kwetu ambalo mama alimchapa kwa ajili yake alipokuwa na miaka sita. Tusi ndilo linalotoka safi kuliko yote. Bwana Jilani, anayekuja asubuhi kumfanyisha mazoezi, anasema ni kawaida: matusi yana chumba chake kichwani, na chumba hicho hakikuguswa.

Saa nne ikalia simu. Sudhamshu, kijana anayetunga muziki wa filamu moja mpya. Ana miaka ishirini na tisa na huongea kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Albamu ina nyimbo sita, maneno yote ni ya Pundari, aliyaandika kabla ya kuugua. Ila wimbo wa nne. Kiitikio kipo, ubeti wa kwanza upo. Wa pili — hakuna kitu. Guru, ndivyo anavyomwita Pundari, alimwahidi baada ya Sankranti, sikukuu ya mavuno ya Januari. Baada ya Sankranti ndiyo hiyo Februari.

Nikamwambia ndugu yangu hawezi kushika kijiko.

Akasema anajua, Mama, anajua. Lakini mwimbaji anakuja kutoka Mumbai Ijumaa ya wiki ijayo, siku moja tu. Mishororo minne. Pengine imo kwenye daftari lake? Kama haimo, mwenye filamu ameshamtaja mwandishi mwingine, na huyo hashoni kiraka kwenye nguo ya mtu. Ataandika wimbo wote upya, kwa jina lake.

Nimesema nitatazama.

Jumanne, 3 Juni

Nimetazama. Madaftari kumi na moja. Sikuwahi kuyafungua kabla ya leo, na yeye hakuwahi kunipa.

Miaka thelathini na mbili nimefundisha Kitelugu shule ya wasichana. Vijitabu vya nyimbo za filamu nilikuwa navinyang'anya darasani na kuvifungia kabatini. Vingi ndani yake lilikuwamo jina la mdogo wangu. Alijua. Hatukulizungumza hata siku moja.

Ukurasa wa wimbo wa nne: "Kaka anamuaga dada yake anayeolewa." Kiitikio. Ubeti wa kwanza, umekatwakatwa na kuandikwa upya mara tano. Kisha nusu ukurasa mweupe, na chini orodha ya sokoni: vitunguu, nyembe, mafuta ya kichwa.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemwambia habari ya simu. Nimesema polepole, kama mtu anayetangaza treni.

Alielewa yote. Nilimwekea ubao mapajani na penseli katika mkono wa kushoto. Kwa robo saa alichora kitu kama ufa wa ukutani. Akatupa penseli. "Basi."

Nimeiokota. Ncha imevunjika.

Jumapili, 8 Juni

Siku ya dawa ya samaki. Barabara zimefungwa kwa ajili ya wanaokwenda kumeza samaki hai wenye dawa ili wapone pumu. Bwana Jilani hakuweza kufika.

Mchana, Pundari amelala, nimeandika mishororo minne.

Sikuwa nimekusudia. Nilikuwa naunakili ubeti wa kwanza kwa mwandiko unaosomeka, ili Sudhamshu asije akasema hakupewa kitu. Nilipomaliza, mkono haukusimama. Ukaendelea kwa mizani ileile, vina vilevile. Hivyo tu. Wali uliungua kidogo chini.

Hii hapa, niiweke mahali:

Kizingiti umekivuka, unyayo wa manjano umebaki,
mama hakuufuta hadi mvua ya pili.
Usifute macho yako kwa upindo wa sari mpya,
rangi yake bado changa, itakuhamia usoni.

Unyayo si wa kubuni. Mwaka 1959 nilipotoka nyumbani kwetu nimeolewa, nilikuwa nimepakwa manjano miguuni, na mguu wa kulia ulibaki umechorwa pale mlangoni. Miezi miwili baadaye nilirudi kwa siku chache, nikaukuta bado upo. Umefifia, lakini vidole vitano vinahesabika. Katika nyumba iliyokuwa ikifagiwa mara mbili kwa siku! Nikamshukuru mama kimoyomoyo. Hatukuwa watu wa kuambiana mambo kama hayo.

Miaka yote ile nimewakata alama watoto walioandikiwa insha na dada zao. Nilikuwa nawagundua upesi. Mwandiko ni wa mtoto, sentensi ni ya mtu mzima.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemsomea baada ya uji. Nilimwambia, "Nimeikuta kwenye daftari la kijani."

Uongo wa kijinga. Mtu anayajua madaftari yake.

Alinitazama muda mrefu. Jicho la kushoto zima, la kulia limelegea kidogo. Kisha akagonga ubao kwa vidole. Nikamwekea karatasi, nikaishika isiteleze. Nilidhani ataichana.

Ilimchukua karibu saa nzima. Bwana Jilani aliingia, akaona, akakaa kwenye kigoda chake. Pundari alipiga mstari juu ya neno "mama". Pembeni yake, kwa herufi za mtoto wa chekechea, akaandika "mimi".

Katika lugha yetu kitenzi hakibadiliki; ni herufi mbili zilizofutwa na mbili zilizowekwa. Mizani haikuyumba hata kidogo.

Nikamwuliza, "Ulikuwa wewe?"

Akafumba macho. "Basi."

Alikuwa na miaka kumi na minne. Sijui alimwambia nini aliyekuwa akifagia. Miaka arobaini na minne nimemshukuru mama kwa jambo asilolifanya.

Bwana Jilani akasema, "Mkono wa kushoto umefanya kazi nzuri leo. Mashallah." Akamkanda mabega.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemsomea Sudhamshu kwa simu.

"Guru ni Guru," akasema. "Aliiandika lini, Mama?"

Nikasema ilikuwamo kwenye daftari. Mara ya pili uongo huwa mwepesi.

Kisha akasema Guru hakuwahi kukosa kurekodi. Alikuwa anakaa pale kulinda maneno yake, hasa wakija waimbaji wasiojua Kitelugu. Je, nitakuja badala yake?

Nikamwuliza Pundari. Akanielekezea sari kwenye kamba kwa kidevu. Ile ya rangi ya kijivu.

Ijumaa, 13 Juni

Bajaji hadi studio ya Jubilee Hills, vumbi mpaka kwenye meno. Bwana Jilani amebaki na Pundari.

Studio ina baridi kama ghala la matunda. Sudhamshu ni mwembamba kuliko sauti yake. Aliniinamia miguuni, akanipa kiti chenye magurudumu. Nimekikataa. Nimepewa cha kawaida.

Mwimbaji ni Mbengali anayeishi Mumbai, jina lake Anirban. Mnene, mpole, amevaa soksi bila viatu. Maneno ya wimbo ameyaandika kwa herufi za kwao. Haelewi hata moja. Anaimba kama mtu anayebeba chungu cha mtu mwingine — kwa uangalifu mkubwa, bila kujua kilichomo.

Lakini sauti yake siwezi kuisema vibaya.

Ubeti wa kwanza ulipita. Ubeti wa pili, mshororo wa tatu, nikainua mkono.

Sudhamshu akasimamisha. "Mama?"

"Amesema tembo."

"Amesema nini?"

"Tembo la mgema. Neno ni kallu. Ukikunja ulimi nyuma ni macho. Ukiuacha ulale kwenye meno ni tembo."

Sudhamshu akarudisha, akasikiliza, akajikuna shingo. Akasema hisia imekaa sawasawa, Mama, pengine hatutaipata tena. Vyombo vikishaingia, nani atagundua?

"Mwanangu," nikamwambia, "hakuna mtu katika nchi hii ya Watelugu asiyelijua tembo."

Anirban alikuwa anatutazama kupitia kioo. Akaniuliza kwa Kihindi, "Anti, nimeimba nini?"

"Umemwambia bibi harusi asifute tembo lake kwa sari mpya."

Alicheka hadi akavua visikilizio vya masikioni. Hata wale wa mashine walicheka. Kisha akaniomba niingie kule ndani nimfundishe.

Nimemfundisha kama nilivyowafundisha wasichana wa darasa la sita. Ncha ya ulimi iguse paa la mdomo, nyuma kuliko unavyodhani, kisha iachilie. Mara ya nane akaipata. Ya tisa akaipoteza. Mtu akaleta idli, vitumbua vya mchele vya mvuke. Akala nne, akaipata tena akiwa na ya tano mdomoni. Ikabaki.

Kabla ya kuimba akataka nimweleze ubeti wote. Nikamweleza. Kizingiti, unyayo, kaka aliyekataa usifutwe. Akauliza, "Kaka ndiye anayesema mwenyewe?"

"Ndiye."

Akasema dada yake ameolewa mbali, Siliguri. Akavaa vya masikioni.

Akaimba mara moja, moja kwa moja, hadi mwisho. Sudhamshu hakuinua kichwa. Nilitazama saa ya ukutani: saa kumi na dakika ishirini.

Nimerudi nyumbani. Pundari ananyosha shingo, anasubiri. Nimesema, "Macho yamekuwa macho." Nikamsimulia ya tembo. Upande mmoja wa mdomo wake ulicheka. Akatoa lile tusi, kwa furaha.

Jumamosi, 5 Julai

Filamu imebadilishwa jina. Mara ya tatu. Mtabiri wa namba za bahati kamwambia mwenye filamu aongeze A moja katikati. Sasa halisomeki kwa lugha yoyote.

Pundari ana neno jipya: "maji". Bwana Jilani amempigia makofi. Ila sasa kila kitu ni maji. Gazeti ni maji. Bwana Jilani mwenyewe ni maji.

Mimi bado ni dada.

Jumapili, 20 Julai

Sikukuu ya Bonalu. Ngoma mtaani tangu asubuhi, wanawake na vyungu vichwani. Achari imekolea. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 9 Agosti

Albamu imezinduliwa jana. Tumeangalia kwenye televisheni. Ukumbi, maua, watu wengi wakisifiana. Mwigizaji wa kike alifungua kaseti kubwa ya karatasi, wakatoka njiwa. Mmoja aligoma kuruka, akakaa begani kwa mwenye filamu.

Sudhamshu aliposhika kipaza sauti alisema, "Guru wetu hayupo hapa, lakini maneno yake yapo." Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Pundari. Alikuwa anatazama njiwa.

Leo Sudhamshu kaleta kaseti mwenyewe, na sanduku la peremende. Nimevaa miwani nikasoma karatasi ya ndani. Maneno: Pundari. Mara sita. Herufi zote sahihi. Pundari alipitisha kidole juu ya jina lake, mara moja, kama anayejaribu kama rangi imekauka.

Tukasikiliza. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ulipoanza wa nne — "Basi." Nikazima. Nilidhani amechoka.

Jumatano, 20 Agosti

Gazeti la kila wiki limeandika kuhusu albamu. Ukurasa mzima. Nimemsomea kwa sauti, nimesimama, kama nilivyokuwa nikisoma matokeo ya mtihani.

Wanasema nyimbo ni za kupendeza, muziki una haraka haraka. Kisha: "Lakini ubeti wa pili wa wimbo wa nne unasimama peke yake. Kwa miaka ishirini Pundari hakuandika mishororo minne kama hii."

Nilisoma hapo mara mbili. Nilidhani nampa zawadi.

Akageukia ukutani.

Alhamisi, 21 Agosti

Hajala. Jana mchana, jana jioni, leo asubuhi. Mdomo umefungwa kama kopo.

Bwana Jilani alimpa mpira wa kuminya. Ukaanguka. Akampa tena. Ukaanguka tena.

"Mama," akaniambia pale mlangoni akivaa viatu, "mkono hauna tatizo. Huu si ugonjwa. Hii ni hasira. Kuna nini?"

Nikasema sijui.

Nimekaa jikoni nikafikiri. Si kweli kwamba sijui. Nimemsomea mwanamume, tena mara mbili, tena kwa sauti ya mwalimu, kwamba kazi yake ya miaka ishirini haifikii adhuhuri yangu moja. Na hawezi kunijibu. Angekuwa na maneno angenitukana vizuri, ningemjibu, tungemaliza. Ana tusi moja tu, na hata hilo hakulitoa.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimefanya jambo ambalo ilinipasa kulifanya miaka thelathini iliyopita.

Baada ya kuosha vyombo nilichukua kaseti, daftari na penseli, nikakaa karibu na kitanda chake. Nikasikiliza nyimbo zote tano zilizo zake. Nilikuwa nasimamisha, narudisha, naandika. Yeye mgongo tu. Lakini mgongo wa mtu anayesikiliza haulali.

Nyingine ni za kawaida. Wa kwanza ni kelele. Wa tano una sarufi ambayo singempitishia mtoto wa darasa la saba, na nimemwambia.

Lakini wimbo wa pili, ule wa kucheza, ambao niliudharau tangu ala ya kwanza — kijana amekosa mchumba, anasema moyo wake ni tikiti ya basi iliyofuliwa mfukoni. Ililipiwa nauli, ila haisomeki tena ilikuwa inakwenda wapi.

Nikasimamisha hapo. Nikamwambia, "Hii tikiti. Nisingeiona. Ningefua suruali miaka mia, nisingeiona."

Nikaweka penseli chini.

"Mishororo yangu minne nilipewa. Mguu ni wangu, mlango ni wetu, na aliyeilinda alama ni wewe. Mimi nilinakili tu. Hii tikiti hukupewa na mtu."

Mgongo ukasogea. Akageuka polepole, kwa kiwiko, bila kunitaka nimsaidie. Akanitazama. Akatoa tusi.

Nimempikia upma, uji mkavu wa semolina, na korosho. Amekula yote.

Jumapili, 31 Agosti

Vinayaka, mungu wetu wa udongo wa sikukuu, ameketishwa kibandani pale kona, mrefu kuliko mwaka jana, na amepewa spika mbili. Nyimbo za ibada tatu, kisha ya filamu moja, kisha ibada tena. Ya filamu ni ileile. Ya nne.

Hadi saa tisa nimeisikia mara saba. Muuza ndizi anaiimba. Jirani wa juu, ambaye binti yake anaolewa Novemba, alishuka ngazi akilia, akaniambia, "Kaka yako amejuaje?" Nikampa maji.

Wote wanasema macho. Hakuna aliyesema tembo. Hilo nimeliandika kwa sababu ni kweli.

Saa kumi nilikwenda kibandani kuwaomba wapunguze sauti, kuna mgonjwa. Mwenyekiti wa mtaa, mtu mzima, akaunganisha mikono kwa heshima. "Lakini Mama, si wimbo wa kaka yako huu? Hafurahi?"

Nimerudi.

Jumatatu, 1 Septemba

Spika. Pundari ameanza kugonga mkono wa kiti ubeti wa pili unapofika. Si kwa mdundo. Anagonga mara moja, kwa nguvu, kila unapoanza. Ananitazama. "Dada."

Nikamwuliza, "Maji? Choo? Mto?"

Si maji, si choo, si mto. "Dada."

"Nipo."

Akakata tamaa, akatazama dirishani.

Jumanne, 2 Septemba

Mwandishi wa gazeti amepiga simu. Msichana, sauti ya msomi, anaitwa Hemalata. Anaandika makala kuhusu ubeti ule. Anataka kumwona Pundari. Nikasema haongei. Akasema anaelewa, ila amesikia mimi ndiye ninayemwelewa, ningemtafsiria. Nikasema hapana. Akaomba tena. Nikasema hapana tena.

Nyuma yangu kiti kikagongwa. Nikageuka. Pundari ametoa jicho. Akagonga tena. Akaelekeza simu kwa kidevu.

Nikafunika simu kwa kiganja. "Unataka aje?"

"Maji," akasema, kwa nguvu. Nilielewa.

Alhamisi, saa tano.

Jumatano, 3 Septemba

Nimemnyoa. Akapitisha mkono shavuni, akaonyesha pale nilipoacha. Nimemnyoa tena. Amechagua shati jeupe la kola, lile la kuzindulia albamu zake za zamani. Sasa linampwaya.

Nimemwambia, "Akiuliza, mimi nitajibu. Nitasema uliiandika kabla ya Februari. Si uongo wote. Neno moja ni lako, na ndilo neno lenyewe." Nikamweleza pia yatakayotokea nikisema vingine. Watasema Guru alikwisha. Watauliza na nyingine ni za nani. Watafungua madaftari. Jina lake liko mara sita, na libaki sita.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Basi," akasema.

Nimelichukua kama kukubali.

Alhamisi, 4 Septemba

Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya pipa la mchele. Saa tano na dakika arobaini. Hemalata yuko sebuleni na Pundari. Maziwa yako motoni.

Ni mdogo kuliko sauti yake, mwenye adabu. Hakuleta mpiga picha, nilimkataza. Alimwinamia Pundari miguuni, akakaa chini kwenye mkeka ingawa viti vipo. Ana kijitabu, si mashine. Hilo lilinipendeza.

Aliuliza ya mwanzo mwanzo. Kijiji gani, filamu ya kwanza ipi. Nilijibu mimi. Pundari aliniacha. Alikuwa ameketi wima, mkono mzima juu ya ule mwingine.

Kisha Hemalata akasoma mishororo minne kutoka kwenye kijitabu chake. Anaisoma vizuri. Alifundishwa na mtu anayejua.

Akauliza, "Guru, hii ilitoka wapi?"

Nikafungua mdomo. Pundari akainua mkono wa kushoto. Si juu sana. Kiasi cha kunisimamisha.

Alikusanya midomo. Jasho likamtoka juu ya mdomo, pale nilipomnyoa. Msichana alisubiri, kalamu imegusa karatasi.

"Dada," akasema.

Herufi zote. Safi kuliko tangu Februari. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama msichana.

Hemalata akanigeukia, akatabasamu. "Mama, anakuita."

Nilisimama. Nikasema anataka chai.

Saa hizi hanywi chai. Hajawahi. Nimeweka maziwa mengi kuliko yanayohitajika, ili yachelewe. Tangawizi nimeiponda hadi imekuwa maji.

Kiti kimegongwa.

Kimegongwa tena.

Maziwa yanapanda. Nimepunguza moto. Kule sebuleni amesema tena, neno lilelile, taratibu, kama mtu anayemsomea mtoto imla. Nasikia kalamu haiandiki.

"Mama," Hemalata anasema kutoka kule, "anakuita tena."